Vyuma vya Nangila

S.L.P. 1147,
Kitale.

13 Agosti 2006

Mpendwa wifi yangu Agneta,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Kitale. Hujambo? Shemeji Kimaiyo hajambo? Na watoto, wanaendelea vizuri na masomo? Naomba barua hii iwakute mkiwa wazima, na ile baridi ya Gaborone uliyoniandikia mwezi wa sita iwe imewaachia. Nilipomsomea kaka yako kwamba maji yaliganda kwenye ndoo yako nje, alisema umetia chumvi. Nikamwambia mwalimu wa jiografia hawezi kudanganya kuhusu barafu.

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu na mahindi ya watu yanapendeza. Nasema ya watu kwa sababu Khisa bado yuko ofisi ya kilimo, anazunguka na pikipiki ya serikali kufundisha wakulima namna ya kupalilia, na shamba letu limejaa magugu mpaka kuku wanapotelea humo. Usimwambie nimekuambia.

Mimi bado niko sokoni na mitumba yangu. Siku hizi vijana hawataki kitu kingine isipokuwa jinzi, kwa hiyo nimeacha makoti na kushika jinzi. Mama yangu naye bado yuko Kachibora na ng'ombe wake wawili anaowasema vizuri kuliko sisi watoto wake.

Sasa nije kwa lile lililonikalisha chini Jumapili hii baada ya kanisa. Jambo kubwa la mwaka huu nyumbani mwetu limekuwa mdomo wa Nangila. Najua Khisa alikudokezea kwa simu, lakini kaka yako akipiga simu ng'ambo huongea kama mtu anayefukuzwa, na nusu ya mambo huyaacha njiani. Acha nikueleze mwenyewe tangu mwanzo.

Ulipokuja mara ya mwisho Nangila alikuwa darasa la kwanza, meno ya utoto yakimtoka. Yalipoota ya ukubwani yalikuja marefu, yakielekea mbele, midomo ikashindwa kukutana. Wazee wa kwenu Sirisia walifurahi kweli. Walisema ni marehemu mama yenu mtupu, na kwamba wewe hukukosea siku ile ulipomtaja. Hiyo siku huwezi kuisahau. Mtoto alikuwa amekataa titi tangu asubuhi, senge Peris, shangazi yenu, akitaja majina ya wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na mtoto akizidi kupiga mayowe, mpaka wewe uliposema Nangila, jina la mama yenu. Akatulia, akanyonya. Kwa hiyo meno yalipotokea, watu waliona mwenye jina amethibitisha.

Mwenyewe hakuona hivyo. Shuleni wenzake walimpa majina ambayo sitayaandika hapa. Hindi la kuchoma alikuwa halitafuni kwenye gunzi kama watu, alilipukuchua kwa vidole. Mwaka jana mwalimu alimchagua akariri shairi kwenye mashindano, kwa sababu ana sauti nzuri na kichwa chepesi, naye akakataa katakata. Nikaitwa shuleni. Nilipomuuliza, alisema hawezi kusimama mbele ya ukumbi mzima watu wakimtazama mdomo. Hakulia alipokuwa akiniambia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndiyo sababu likizo ya Aprili tulimpeleka kwa daktari wa meno hapa mjini, Daktari Ndirangu, amfunge vyuma. Huko kwenu labda umeviona kwa wanafunzi wako. Kila jino hubandikwa kidude kidogo cha chuma, halafu waya hupitishwa kwenye vidude vyote, na huo waya ndio huvuta meno polepole mpaka yajipange. Ni kazi ya miaka miwili hivi. Nangila alitoka mle kwa daktari kichwa juu. Wiki ya kwanza aliishi kwa uji na viazi vya kuponda, meno yakimuuma, lakini haikumshughulisha. Alikaa mbele ya kioo mpaka baba yake akamuuliza kama anataka tumwekee kitanda hapo.

Furaha hiyo haikukaa. Maumivu ya meno yalipopungua, midomo nayo ikaanza. Iliwasha, ikavimba, ikapasuka kwenye pembe. Fizi zikawa nyekundu. Alisema mdomoni anasikia ladha kama amelamba ufunguo. Hata chai ikawa inamchoma. Tukarudi kwa daktari, naye akasema huenda chakula kinakwama kwenye vyuma na hapigi mswaki sawasawa, akampa mswaki laini na dawa ya kusukutua. Nangila akapiga mswaki kama mtu anayesugua sufuria ya githeri. Midomo haikusikia.

Hapo katikati ndipo ilipofika ile siku ya kusakafia kaburi la mama, uliyoshindwa kuja. Sikutaka Nangila aende akiwa hivyo, lakini mjukuu aliyeitwa jina la marehemu akose siku ya kaburi lake? Tukaenda naye. Ukoo wote ulikuwepo, saruji imekorogwa, nyimbo zinaimbwa, na mtoto wetu amesimama mbele kabisa na midomo ya kuvimba.

Senge Peris alikuwa amefika kutoka Kamukuywa asubuhi na mapema. Unamjua akishaanza jambo hakuna wa kumshika. Aliacha wimbo katikati, akamshika Nangila kidevu mbele ya kila mtu, akamfunua mdomo kama anayenunua ng'ombe, akasema: "Munaona? Mwenye jina amekataa. Yeye tulimzika na meno yake, na nyinyi munayavuta na waya. Atakubali aje?"

Wifi, nikuambie ukweli, sikuweza kucheka. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini kwetu pia mtoto hupewa jina la nyanya yake, na watu husema nyanya amerudi. Nilitazama ile midomo, nikatazama lile kaburi lenye saruji mbichi. Nilipomweleza mama yangu baadaye, hakunipa hata nafasi ya kumaliza. Alisema ana wajukuu kadhaa walioitwa Nyaruai, jina lake mwenyewe, na hajawahi kumvimbisha yeyote midomo, nimpeleke mtoto kwa daktari mwingine.

Lakini pale Sirisia hakukuwa na wa kusema hivyo. Pasta alipoondoka tu, jogoo alikamatwa. Akachinjwa, marehemu akaombwa radhi, na jogoo mwenyewe tukamla. Nangila peke yake ndiye hakumwonja, kwa kuwa mdomo haukumruhusu.

Baba mkwe hakutia neno muda huo wote. Tulipokuwa tunaaga ndipo alipomvuta Khisa kando karibu na zizi, akamwambia atoe hivyo vyuma. Hakutaja mwenye jina wala jogoo. Khisa alimuuliza sababu, naye akarudia yale yale, vyuma vitoke, kisha akaingia ndani.

Kaka yako wewe unamjua kuliko mimi. Mbele ya wakulima ni bwana mkubwa, mbele ya baba yake ni kijana wa kuchunga. Kabla hatujafika Kimilili alikuwa ameshakata shauri kwamba Jumatatu vyuma vitatoka. Nangila alikuwa kiti cha nyuma yetu kwenye matatu, akisikia yote. Tulipofika nyumbani akanifuata jikoni, akasimama hapo kwenye mlango akiongea kupitia ile midomo yake.

"Mum, mkivitoa, mimi shule sirudi. Si mchezo. Afadhali hii midomo ivimbe hadi ipasuke, kuliko nirudi vile nilikuwa."

Khisa alikuwa kwenye kiti chake sebuleni na alisikia kila neno. Jumatatu hakwenda popote. Wala hakumjulisha baba yake kwamba hakwenda, na mimi nikaacha kila mtu abebe lake.

Zilikuwa wiki ngumu. Mtoto alikunywa uji kwa mrija, sketi ya shule nikawa naibana kwa pini. Kuna siku nilimtazama akijaribu kula ugali, machozi yakimtoka na huku anajikaza kisabuni, nikasema moyoni baba mkwe ashinde, vitoke tu, nibaki na mtoto mzima. Aliyeniokoa ni Daktari Ndirangu mwenyewe. Alimkagua tena akasema mdomo huu ni safi kuliko wangu mimi daktari, hapa kuna kitu kingine, na akatutuma Eldoret kwa daktari wa ngozi.

Tulimkuta mama mmoja mpole, Daktari Jepkosgei. Hakuanza na mdomo kama wengine wote. Aliuliza kuhusu herini. Nangila akasema aliacha kuvaa herini zamani, kwa sababu masikio yalikuwa yanatoa maji. Akaulizwa kuhusu saa ya mkononi, akasema ilimuwasha pia akampa rafiki yake. Daktari akamwomba ainue blauzi. Chini ya kitovu palikuwa na baka jeusi lenye magamba, ambalo mimi nilikuwa nalijua. Nilidhani ni choa, na nimempaka dawa ya choa tangu Krismasi. Kumbe ni kifungo cha jinzi! Na jinzi yenyewe nilimchagulia mimi, kutoka kwenye bale langu, kwa raha zangu. Khisa hadi leo akitaka kunichokoza huniuliza kama bale jipya lina choa.

Daktari alimbandika plasta mgongoni, kila moja na tone la kitu tofauti, akasema asioge mgongo mpaka turudi. Tuliporudi akabandua. Kwingine kote ngozi ilikuwa kama kawaida, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa pekundu na vipele vidogo vya maji. Hapo palikuwa na nikeli. Alitueleza kwamba nikeli ni madini yanayochanganywa kwenye vyuma vingi, vifungo, herini, na hata zile waya za meno. Watu wengi huvivaa bila shida yoyote, ila kuna wachache ambao miili yao huiona nikeli kama adui na kupigana nayo. Hali hiyo ndiyo mzio. Haina uhusiano na uchafu, haiambukizi, na hakuna aliyemfanyia Nangila kitu. Mate yamekuwa yakilowesha waya, nikeli ikitoka kidogo kidogo, na mwili ukiikataa.

Aliposema neno hilo la kukataa, Khisa aliniinamia sikioni akasema basi senge hakukosea sana, aliyekataa yupo, ila si yule tuliyemchinjia jogoo. Nilimkanyaga mguu, lakini nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Daktari Ndirangu akatupa njia mbili. Ya kwanza ni kutoa kila kitu na kuachana na habari hizi. Ya pili ni kutoa, kungoja mdomo upone, kisha kufunga vingine visivyo na nikeli, vidude vyeupe vya rangi ya jino na waya wa madini mengine, ambavyo angeagiza kutoka Nairobi. Nangila alijibu kabla hatujaulizwa. Vyuma vya kwanza vikatoka, na baada ya muda mfupi midomo ikashuka, pembe zikafunga, mtoto akala chapati mpaka nikamnyang'anya sahani.

Habari ikafika Kamukuywa kabla hata hatujapiga simu. Senge Peris akamshukuru Mungu na yule jogoo. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi, tumeomba radhi, tumetoa vyuma, mwenye jina ameridhika. Sasa mwambie mtu huyo kwamba vyuma vingine viko njiani kutoka Nairobi.

Senge tungeweza kumvumilia. Shida ilikuwa baba. Khisa alisema hawezi kumfunga mtoto vyuma mara ya pili kwa siri, na hapo nilimheshimu. Lakini alisema pia kwamba baba akikataa tena, yeye hatabishana naye, na mambo yataishia hapo. Nangila alijua. Usiku wa kuamkia safari alipiga pasi nguo zake tu. Miaka miwili ya kuvaa vyuma na maisha yake yote ya baadaye yalikuwa yakingoja neno moja la mzee wa Sirisia.

Tulikwenda Jumapili ya mwisho ya Julai. Kama unavyojua, mimi mkaza mwana siketi chumba kimoja na baba mkwe, wala siwezi kumjibu. Niliketi barazani na ungo wa majani ya kunde, mlango ukiwa wazi, na nikuambie sijawahi kuchambua kunde polepole hivyo.

Khisa alieleza vizuri, na haikuwa kawaida yake. Alianza na herini, akaja kwenye kifungo cha jinzi, akamaliza na plasta za mgongoni. Nangila akageuka akamwonyesha babu yake mahali palipokuwa na alama. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali mawili matatu ya maana kuhusu waya mpya, kama kweli hauna hiyo kitu. Kisha akasema ameelewa, na kwamba yeye hakuwahi kusema ni mambo ya marehemu, hayo ni ya Peris.

Khisa akamuuliza ni kwa nini basi alitaka vyuma vitoke.

Nilisikia kiti cha mzee kikilia. Akamwita Nangila, akamwambia asogee mlangoni penye mwangaza, kwa sababu macho yake siku hizi ndani ya nyumba hayaoni vizuri. Mtoto akaja akasimama hapo, karibu anikanyage. Na mzee akaanza kusema naye kwa kile Kiswahili chake anachomwekea yeye peke yake, kwa kuwa Kibukusu cha Nangila ni cha kuombea maji.

"Nyanya yako aliniachia picha tatu. Zote amefunga mdomo. Zamani watu hawakuwa wanacheka kwa picha. Saa wewe ukicheka, ndiyo ninamuona. Wakinyoosha hiyo meno, nitamuona wapi?"

Agneta, nilibaki na jani la kunde mkononi, sikujua nilitie wapi. Tulikuwa tumejiandaa njia nzima kujibu habari za majina na mizimu. Si hili. Nilimwona Khisa ameinamisha kichwa, nikajua ameshakubali, na hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa karibu kukubali. Nilimhurumia yule mzee kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Aliyejibu ni Nangila. "Kuka, nikicheka unaniona mimi, ama unamuona yeye tu?"

Khisa akakohoa, kile kikohozi cha kumwonya mtoto. Lakini babu yake alimnyamazisha kwa mkono.

"Ninamuona yeye," akasema. "Kidogo tu. Halafu wewe unafunga mdomo haraka."

"Nafunga juu ya aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya meno, Kuka. Watu wananicheka."

Mzee alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. Nadhani jambo hilo lilikuwa halijawahi kumpitia akilini, siku hata moja, kwamba mtu anaweza kuwa na meno yale na yakamtia aibu. Akauliza, "Hiyo meno?" Nangila akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo meno," akasema mzee, "ndiyo ilifanya nikamuoa. Nilimuona soko ya Sirisia akicheka na wenzake. Nikarudi nyumbani nikaambia baba yangu, huyo ama niende jeshi."

Basi Nangila akacheka. Hakujitayarisha, kicheko kilimtoka tu, kwa sababu ya ile habari ya jeshi. Alicheka mdomo wazi, ameegemea mlango, jua likimpiga usoni, na alipokaribia kunyamaza akamtazama babu yake akacheka tena. Hakufunga mdomo. Mzee naye alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, mikono juu ya fimbo, anatazama. Nilimpa muda wake nikiwa nimeangalia kunde zangu.

Mtoto aliponyamaza, mzee akajifuta macho kwa kitambaa akasema, "Basi. Mwambie daktari afunge." Akaongeza kwamba msichana anayeogopa kucheka ni hasara kwa ukoo.

Vyuma vipya vilifungwa Jumanne iliyopita. Ni vyeupe, ukiwa mbali huvioni. Midomo mpaka leo ni mizima, na kila asubuhi mimi huikagua kama askari wa barabarani. Meno yanauma kidogo, lakini hayo ni maumivu ya kazi. Muhula ujao kuna mashindano mengine ya mashairi, na jina lake ameliandikisha mwenyewe bila kuambiwa. Senge Peris ameshapata habari na amenuna. Nimemtumia jinzi ya mjukuu wake, isiyo na kifungo cha chuma, labda atalainika.

Sasa nifikishe nilichotumwa, maana kuna jambo sijamaliza kukueleza. Siku ile tulipokuwa tunaondoka, baba alitoka mpaka barazani. Alimgeukia Khisa, lakini alipaza sauti ili mimi nisikie, kwa sababu anajua mwandishi wa barua nyumba hii ni nani.

"Agneta aandikiwe. Aambiwe hiyo meno sasa imebaki kwake peke yake. Akuje acheke hapa nimuone."

Wifi, sikuandikii kukulaumu. Najua kazi ya watu ina masharti, najua safari ni ndefu na watoto wako shule. Lakini ni miaka tisa. Nilipomsikia nilikumbuka uso wako wakati wa harusi yangu, ulivyocheka keki ilipoanguka na wageni wote wakasahau keki. Mimi nilimwona mama yenu mara chache na sikuwahi kumwona akicheka. Leo naelewa kwamba siku ile nilimwona kwako. Desemba shule zenu zikifungwa, njoo. Kama huwezi wiki nne, njoo mbili. Na kama huko Gaborone kuna daktari wa meno karibu na nyumba yako, tafadhali mpite kwa mbali mpaka uwe umefika Sirisia na kurudi.

Khisa anakusalimu, anasema atamwomba bosi wake ruhusa aje kukupokea Nairobi. Nangila anakusalimu sana senge yake, anasema umletee kitabu chochote cha huko na uje na hadithi za barafu. Mama yangu anasema atakutengea maziwa ya mala. Hata senge Peris, pamoja na kununa kwake, amesema ukija atakuja kutoka Kamukuywa kwa miguu yake. Tusalimie shemeji Kimaiyo, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Baba ndiye pekee ambaye hakunipa salamu za kuandika. Jana nilimtuma Khisa amuulize kwa simu ya jirani, nikidhani amesahau. Alijibu kwamba hajasahau, salamu zake atakupa mwenyewe.

Mungu akutunze huko uliko, akupe afya, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Mimi wifi yako nikupendaye na ninayekungoja,

Waruguru